Kutoka gokati hadi pikapu za NASCAR

SWALI: Mwanangu ana miaka 15, anaendesha gokati, yaani vigari vidogo vya mbio. Anataka kufika mbio za pikapu za NASCAR, shirika la mbio za magari la Marekani. Apite wapi, na nini huwakwamisha madereva wageni?

JIBU: Umri haumzuii sana. Kwa viwanja vifupi miaka 16 inatosha. Kwa vikubwa kama Daytona, wenye mzunguko wa maili 2.5, asubiri 18. Baada ya gokati wengi hupitia leti modeli (magari ya mbio za viwanja vifupi), kisha ARCA, ligi iliyo ngazi ya chini ya NASCAR. Asikurupuke: kupata kiti kwenye timu mara nyingi kunataka mdhamini, na mdhamini huangalia kwanza nani anamaliza mbio na gari zima.

Kinachowatesa wageni ni upepo. Pikapu ina bodi ndefu, ya mraba, hivyo anayefuata kwa karibu hukosa hewa ya kuikandamiza pua, yaani sehemu ya mbele. Anakata usukani kuingia kona, pua haigeuki, pikapu inateleza kuelekea ukutani. Kuzidisha usukani hapo ni kuunguza tairi la mbele kulia tu. Alegeze mafuta mapema, ashuke nusu upana wa gari apate hewa safi.

Kwenye redio asiseme “gari baya”. Aseme pua inagoma au mkia unachomoka, na ni wakati wa kuingia, katikati au kutoka kwenye kona. Pua ikigoma, fundi huingiza spana upande wa nyuma na kupunguza uzito uliobanwa kati ya gurudumu la nyuma kushoto na la mbele kulia. Nusu mzunguko wa spana huweza kutosha.

Haraka pia si lazima: dereva Ron Hornaday Jr. alitwaa ubingwa wake wa nne wa pikapu mwaka 2009, akiwa na miaka 51.