Kwa nini msaidizi wa akili mnemba anakuletea kazi zisizokuwepo

Kaka, unauliza kwa nini msaidizi wako wa akili mnemba anakupa nafasi za udereva Mtwara ambazo ukibofya kiungo hakifunguki. Akiwa peke yake haoni matangazo ya leo. Anajibu kwa aliyofunzwa zamani, na penye pengo anabuni. Mpaka aunganishwe na zana ya kutafuta kazi. Siku hizi wengi wanatumia MCP, itifaki huria (yaani kanuni za wazi za kuunganisha msaidizi na zana) iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024: wewe unaandika kwa maneno yako, msaidizi anaipelekea zana neno, mahali na tarehe, kisha anakusomea kilichorudi.

Ila zana nyingi zinalinganisha maneno tu. Mimi hapa Masasi niliandika "dereva", nikapata sifuri. Nikaweka "driver", zikaja tatu! Matangazo yenyewe yameandikwa Kiingereza, utafanyaje. Jaribu pia Mikindani, Newala na Lindi, kila moja peke yake. Mwambie akupe kiungo na siku ya mwisho ya kutuma maombi, ukafungue mwenyewe. Na nywila yako ya Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, usimpe, hata akiomba kwa adabu.