Kuacha sigara kunaanza wiki mbili kabla

Nilivuta sigara miaka 14. Katika miaka hiyo niliacha mara tatu, na mara zote tatu nilirudi. Ile ya tatu nilikuwa nimefikisha siku 19. Ukatokea msiba mtaani kwetu Magomeni, tukakesha nje chini ya turubai, na kwenye saa nane za usiku pakiti ikaanza kuzunguka. Nikasema pafu mbili tu. Kulipokucha nilikuwa nimeshanunua zangu.

Nilipotulia nikaona nilipokosea. Kila mara nilikuwa naacha kwa hasira: naamka kifua kinabana, natupa pakiti, naapa. Kiapo nilikuwa nacho, maandalizi sina. Mara ya nne nikajipa wiki mbili za kujiandaa huku bado navuta. Huu ni mwaka wa sita sijashika fegi.

Nilianza na daftari. Wengi wetu tunanunua moja moja kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, ndiyo maana hatujui tunavuta ngapi. Mimi ningekuapia kwamba hazizidi nane kwa siku. Nikawa naandika kila ninapowasha: saa ngapi, niko wapi, niko na nani. Siku ya kwanza zilifika 16. Nilipoyasoma yale maandishi usiku nikaona kwamba nilizozitamani kweli zilikuwa nne au tano, kama ile ya asubuhi na ile ya baada ya chakula cha mchana. Zilizobaki zilikuja zimeandamana na kitu kingine: kahawa, kusubiri daladala, simu ya bosi, mtu kuwasha pembeni yangu.

Basi nikaanza kuzitenga. Kahawa nakunywa kijiweni bila sigara. Sigara navuta baadaye, peke yangu nyuma ya nyumba, bila simu wala mtu wa kuongea naye. Ukivuta hivyo kwa siku kumi, utaona raha nyingi uliyodhani ni ya sigara ilikuwa ya kahawa na ya watu. Hapa ndipo kichwa kinapoandaliwa, tafadhali usiparuke.

Kuhusu kahawa, kuna jambo ambalo natamani ningeambiwa mapema. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, vikombe vilevile ulivyozoea vinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, usingizi hauji, nawe unaamini ni arosto, yaani mwili kuidai sigara, unakimbilia kuwasha. Nilimweleza mzee wa kahawa, akawa ananijazia kikombe nusu, halafu anasogeza sinia ya kashata mbele yangu. "Mkono nao upate kazi, mwanangu," akasema. Alikuwa sahihi kabisa. Mkono uliozoea kubeba kitu mara 16 kwa siku hauwezi kukaa mtupu. Mimi niliupa karanga, miwa, na vijiti vya mdalasini.

Mwili nao uandae. Wiki zile mbili nilianza kutembea nusu saa kila jioni na kulala mapema, kwa sababu mtu aliyechoka hashindani na kiu ya nikotini, ile kemikali ya sigara inayomfanya mtu awe mteja. Siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu kuliko zote. Utakuwa na hasira, njaa, choo kigumu, na kikohozi kinaweza kuongezeka kwa muda, maana mapafu yanaanza kujisafisha. Waambie watu wa nyumbani mapema ili wasidhani umewachukia. Kiu yenyewe ikija haikai. Dakika chache inapungua, hata usipowasha. Kunywa maji, toka nje, zunguka nyumba. Wanaofunga Ramadhani wanajua kwamba mwili unaweza kukaa mchana kutwa bila sigara, kwa hiyo saa ya kuipangia mkakati ni ile ya baada ya futari.

Ukiona kiu inakuzidi, usione aibu kutafuta dawa. Kuna viraka vya kubandika kwenye ngozi na jojo za nikotini, na Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu 2009. Ulizia kwenye famasi kubwa. Kama unatumia dawa za kisukari au za magonjwa ya akili, muone daktari kabla hujaacha, kwani huenda kipimo chako kikahitaji kubadilishwa. Kuhamia kwenye ugoro au shisha si kuacha.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe nilitoa kila kitu ndani: vibiriti, kisahani cha majivu, shati lililonuka moshi. Halafu nikaenda kwa Mangi nikamwambia, "Nikija kukuomba fegi, usinipe hata nikilipa." Siku ya sita, baada ya kugombana kazini, nilikwenda na hela mkononi. Akanitazama, akafungua kopo la pipi za tangawizi, akanipa mbili. "Ulinituma mwenyewe, kaka."

Miezi mitatu baadaye pakatokea msiba mwingine. Safari hii nilijua pa kukaa: nilikwenda upande wa jikoni, nikachochea kuni na kugawa chai hadi alfajiri.