Maneno machache kwa mnaoanza kuokota vituko mtandaoni

Kutafuta vituko na maajabu ya mtandaoni kwa ajili ya kipindi cha redio cha asubuhi kunaonekana kama mchezo. Unalipwa kuperuzi, kuna kazi tena hapo? Subirini wiki ya pili, pale kila mnachokileta msikilizaji ameshakiona kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, tena kimetumwa na shangazi.

Wengi hapo huanza kuhangaikia kipya zaidi. Mimi nasema chukueni kile kile cha zamani, mkifukue.

Tuseme vita vya Uingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896. Kwamba ndivyo vita vifupi kuliko vyote, dakika 38 au 45 kutegemea nani anahesabu, hilo kila mtu analo. Someni mbele. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, Khalid bin Barghash, aliyeutaka usultani bila ridhaa ya Waingereza, akaingia kasri siku hiyo hiyo, nao wakampa mpaka saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. (Angalieni saa. Kurasa zimeandika 9:00, na mgeni asiyekuwa makini atasoma "saa tisa asubuhi" hewani, simu zianze kulia.) Mizinga ilipoanza, Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, baadaye akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimpata mwaka 1916, wakampeleka Shelisheli na Saint Helena, na mwisho akafia Mombasa mwaka 1927. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizama pale pale bandarini, milingoti yake ikabaki imechomoza majini hadi mabaki yalipoondolewa mwaka 1912. Hiyo milingoti ndiyo msikilizaji atakayokwenda kuisimulia nyumbani.

Ila upande wa Zanzibar watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Ukianza kisa kwa kicheko, ukifika hapo utababaika. Pangeni sauti kabla taa nyekundu ya kuingia hewani haijawaka.

Picha nazo zina mitego yake. Kuna ule mchoro wa Kichina wa twiga aliyeshikwa kamba na mchungaji wake, unaosambazwa kwa maelezo kwamba ni twiga wa Malindi aliyepelekwa kwa mfalme wa China. Twiga wa Malindi yupo kweli, alifika mwaka 1415. Lakini mchoro ni wa 1414, na twiga wake aliletwa kutoka Bengal, huko Bara Hindi. Ukiitafuta picha kwa Google Lens, shuka chini hadi ukurasa wa makumbusho yanayoitunza au wa wanaoijua historia yake. Hao mia waliokopiana maelezo si mashahidi mia. Na kwa maoni yangu, twiga wawili ndani ya miaka miwili ni kisa kitamu kuliko mmoja.

Vingine havidai jasho lote hilo. Mwaka 1991 watafiti wa Cambridge walielekeza kamera kwenye birika la kahawa, wa vyumba vya mbali wasipande ngazi wakalikuta tupu. Mwaka 1993 picha zikaingia kwenye wavuti, dunia ikawa inachungulia birika la watu mpaka 2001. Kisha likapigwa mnada eBay, na Spiegel Online, tovuti ya habari ya Ujerumani, ikalichukua kwa pauni 3,350. Kisa kama hicho hakikisheni tarakimu tu, mpeni mtangazaji, mwacheni acheke.