Mke yuko zamu ya usiku, kikao ni saa moja na nusu

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wawili, mmoja ana miaka saba na mwingine mitatu. Tunaishi Kinyerezi, na ofisi yangu iko Posta. Mke wangu ni muuguzi. Tangu aje meneja mpya, tuna kikao kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa moja na nusu asubuhi. Mkubwa huchukuliwa na gari la shule saa kumi na mbili kasoro robo, lakini mdogo hana wa kubaki naye mama yake akiwa zamu ya usiku, kwa sababu dada wa kazi alirudi kwao Singida na hajarejea. Nikichelewa husingizia foleni. Wiki iliyopita nimepewa barua ya kutakiwa kujieleza. Rafiki zangu wanasema mke wangu ndiye aache zamu za usiku. Nimefikiria hata kumfungia mtoto ndani akiwa amelala, kwa saa mbili hivi, mpaka mama yake atakaporudi. Nifanye nini?"
Baba wa Wawili, Kinyerezi

Marahaba, mwanangu.

Naanza na jambo uliloliweka mwisho, kwa sababu ndilo lisiloweza kusubiri. Usimfungie mtoto ndani, hata kwa nusu saa. Mtoto wa miaka mitatu akiamka na kukuta nyumba kimya hatarudi kulala. Atavuta kiti, atapanda, atafika kwenye jiko la gesi au kwenye ndoo ya maji ya kuogea, na aliye nje hataweza kumfikia kwa kuwa ufunguo uko mfukoni mwako, Posta. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imemtaka mzazi, anapokosekana kwa muda, ahakikishe mtoto amebaki na mtu mwenye uwezo wa kumtunza. Wazo hilo liondoe kabisa, ndipo tuzungumze mengine.

Sasa tulipime tatizo lenyewe, maana katika barua yako limeandikwa kana kwamba ni la kila asubuhi, na sivyo. Mtoto mkubwa keshaondoka kabla hujatoka nyumbani, kwa hiyo anayebaki ni mdogo peke yake. Mkeo hafanyi zamu ya usiku mwezi mzima, na vikao ni siku tatu tu kwa wiki. Zinazokuumiza ni zamu za usiku wa kuamkia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, basi. Chukueni rosta ya wodi, mkae pamoja na kuzitia alama tarehe hizo, na nadhani mtashangaa jinsi zilivyo chache. Halafu mkeo aangalie ni zipi anaweza kubadilishana na wenzake, kwa mfano kwa kuchukua usiku wa kuamkia Jumanne au Jumapili, jambo ambalo wauguzi hulifanya mara kwa mara kwa idhini ya msimamizi wa wodi. Kuacha zamu za usiku kabisa ni habari nyingine. Rosta hapangi yeye, wagonjwa hawaponi jua linapozama, na hao rafiki zako hawakukuuliza iwapo wewe ungeweza kuomba lolote kwa mwajiri wako kabla ya kumtaka yeye aharibu kazi yake.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomweleza meneja ukweli, na sikupaona. Umekuwa ukisema foleni. Meneja wako naye anakaa Dar es Salaam, foleni anaijua, na kwa akili yake mtu anayekwamishwa na foleni kila mara ni mtu asiyetaka kuamka mapema. Hukumpa sababu nyingine ya kufikiri, kwa hiyo barua aliyokuandikia ameiandika kwa taarifa ulizompa mwenyewe. Nafahamu kilichokuzuia. Mama akisema ofisini kwamba hana wa kumwachia mtoto, wenzake humpa pole, baba akisema hivyo huulizwa, "Kwani mkeo yuko wapi?", na chumba kizima kikacheka. Jibu lake ni fupi na halina aibu: yuko wodini, anakabidhi wagonjwa.

Barua hiyo uijibu ndani ya muda uliopewa, kwa maandishi, bila kulalamika na bila kumtaja mfanyakazi mwingine yeyote. Kiri kwamba sababu ya foleni haikuwa ya kweli kila mara. Kisha andika maneno ya namna hii: "Mke wangu ni muuguzi wa zamu. Anapokuwa kazini usiku, mimi ndiye mlezi pekee wa mtoto wetu wa miaka mitatu hadi atakaporejea. Naambatanisha tarehe zinazohusika mwezi huu. Naomba katika asubuhi hizo nishiriki kikao kwa simu, na taarifa yangu ya maandishi itakufikia jioni iliyotangulia." Ombi lenye tarehe humpa meneja kitu cha kukubali, ombi la kuonewa huruma humpa kazi ya kupima ukweli wa shida yako.

Kuhusu sheria, nisikupe matumaini yasiyokuwepo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimkatazi mwajiri kuita kikao saa moja na nusu, mradi saa za kawaida zisizidi tisa kwa siku wala 45 kwa wiki. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo imeyataja majukumu ya familia miongoni mwa mambo ambayo mfanyakazi hapaswi kubaguliwa kwayo, na haikusema kwamba majukumu hayo ni ya mama pekee. Tena, mtoto wako akiugua, una haki ya siku zisizopungua nne za likizo yenye malipo katika mzunguko wa likizo, yaani kipindi cha miezi thelathini na sita, kwa hiyo usizimalize siku za likizo yako ya mwaka kwa homa za watoto kama wafanyavyo wengi wasiojua. Mambo haya uyajue, lakini usiyaandike katika barua ya kwanza. Meneja aliyetajiwa vifungu kabla hajakataa lolote huenda moja kwa moja kwa mwanasheria wa kampuni.

Wakati ukisubiri jibu, tafuta mtu wa asubuhi. Hapo mtaani hakosi kuwapo mama anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi, ambaye mtoto wako anamfahamu na huitikia akiitwa naye. Kaa naye mkubaliane malipo kwa kila asubuhi, umlipe kwa wakati, kwa sababu ujirani wa bure huchoka baada ya wiki mbili na hutaambiwa umechoka. Uliza pia kituo cha kulelea watoto kilicho karibu kama mlezi mmoja anaweza kufika mapema kwa nyongeza ya ada. Akipatikana dada mwingine, awe mtu mzima, na mkumbuke kwamba saa 45 za wiki zinamhusu yeye pia. Aliyelala saa tano usiku akiosha vyombo msimtegemee saa kumi na moja alfajiri.

Ukikubaliwa kushiriki kwa simu, mpe mtoto uji kabla ya saa moja na robo, mkae chumba kimoja, na uzime kipaza sauti usipokuwa unazungumza. Rosta ya mwezi ujao ikitoka, mpelekee meneja tarehe siku hiyo hiyo, kabla hajaziuliza. Akikataa, mwombe akujibu kwa maandishi, utunze nakala, uipeleke kwa ofisa rasilimali watu na kwa tawi la chama cha wafanyakazi kama lipo, kisha uniandikie tena.