Kabla hujatamka "hipostasisi" mimbarini

Jumapili mbili mfululizo nimewasikiliza vijana wetu wa mazoezi wakihubiri Waebrania 11:1, "Basi imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana", na wote wawili wamerudia kosa langu juu ya hipostasisi, neno la Kigiriki lililotafsiriwa hapo "hakika". Wanangu, nawapenda, nisikilizeni kabla hamjapewa mitaa yenu ya kuhudumia.

1. Namba ya Strong, ile inayokupeleka kwenye neno la asili katika kamusi ya Biblia, si maana. Ukilikata neno, "hipo" chini, "stasisi" kusimama, kisha ukahubiri nusu saa juu ya kusimama chini, hujafafanua chochote. Mgeni wa Kiswahili akikata hivyo "kifungua kinywa", atatafuta ufunguo mpaka chai ipoe.

2. Lifuateni neno kote lilipo. Hipostasisi imo mara 5 tu katika Agano Jipya, 3 kati ya hizo humu humu Waebrania. Biblia yetu ya Kiswahili ya Union inasema "nafsi" 1:3, "uthabiti" 3:14, "hakika" 11:1. Kazi ya dakika kumi, jamani!

3. Elenkosi, neno la Kigiriki la nusu ya pili ya mstari, ni ushahidi unaothibitisha jambo. Watafsiri wetu wakaweka "bayana", ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni ushahidi hasa. Msilipite mbio.

4. "Hati miliki". Ni kweli, katika maandishi ya kale ya mafunjo ya Misri hipostasisi hutumika kwa nyaraka za mali, na wanazuoni wa Kigiriki Moulton na Milligan walipendekeza tafsiri hiyo. Mimi niliisoma Jumamosi usiku, Jumapili nikaipigia kelele: "Imani ni hati miliki! Unayo mkononi, usihangaike tena!" Watu wakasimama, vigelegele. Kiti cha tatu alikaa mama mjane aliyekuwa na shauri la kiwanja na shemeji zake. Jumatano yake ilikuwa siku ya kusikilizwa barazani. Hakwenda. Alishinda nyumbani akiomba na kushukuru, kwa sababu mtumishi alisema hati anayo. Shauri likasikilizwa upande mmoja, akashindwa.

Alikuja kwangu na bahasha ya kaki, ndani mna risiti za marehemu mumewe na ile hukumu. Akauliza, wala hakuwa na hasira: "Mwinjilisti, ile hati uliyosema inachukuliwa ofisi gani?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule ndipo nilipoisoma sura nzima. Mstari wa 13: hawa wote walikufa katika imani bila kuzipokea ahadi. Nikarudi 10:34: wasomaji wa kwanza wa barua hii walikuwa wamenyang'anywa mali zao! Mwandishi aliwaandikia watu kama mama yule, akiwataka wavumilie, na mimi nilimwambia yamekwisha.

Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi. Kisha tukaenda wote barazani kuomba shauri lisikilizwe upya, bahasha nikiwa nimeibeba mimi.