Panchi yangu ya waini iligeuka uji, nilikosea wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Boxing Day tulikua na mkusanyiko wa familia hapa kwangu, joto la Desemba la Dar unalijua mwenyewe, nikaona nisijaze bia tu ngoja nitengeneze panchi ya waini na matunda. Nikachukua chupa mbili za waini nyekundu ya Dodoma ile tamu, nikamimina kwenye sufuria kubwa la pilau, nikakatia ndizi, papai, embe, tikiti na machungwa, nikaweka Sprite, sukari robo kilo na barafu, saa nne asubuhi kila kitu kiko ndani. Wageni wamekuja saa nane, ndizi nyeusi, papai limekua uji, soda haina gesi, utamu wa kukwaruza koo afu kuna kaladha flani ka chuma. Shemeji ndo akanimaliza, eti hata hivyo hiyo sio sangria, ile panchi ya waini na matunda ya Kihispania, maana haina brandi. Mwezi wa pili ni besdei ya mume wangu na nataka nirudie, nifanyeje? Mama mkwe hanywi kabisa, na yeye nimfikirie. – Msomaji, Kimara

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pole, ila kwenye ndizi nimecheka. Ndizi haiwekwi humo, papai haliwekwi, na tikiti ni maji matupu, kama unalipenda liweke dakika ya mwisho kabisa. Tunda linalovumilia waini ni nanasi, epo, zabibu na embe ambalo bado gumu gumu, hilo la kubonyea vidole kula wewe jikoni wakati unakata mengine.

Kosa kubwa ni saa. Panchi inaanza usiku wa kuamkia shughuli: waini, matunda yako magumu na juisi ya machungwa mawili matatu, funika, friji, basi. Soda na barafu vinaingia wageni wakiwa wameshakaa, tena barafu mi naishauri iwekwe kwenye glasi na sio kwenye chombo, ikiyeyuka kwenye chombo umewaharibia wote kwa mpigo. Au gandisha vipande vya embe na zabibu kwenye friza vifanye kazi ya barafu, vikiyeyuka havileti maji mengi na mtu anamalizia kwa kuvitafuna. Vile vislesi vya machungwa na ndimu vya kupendezesha weka masaa mawili kabla, vikilala usiku mzima lile ganda jeupe linatoa uchungu.

Ladha ya chuma ni sufuria. La alumini hilo, waini ina asidi, machungwa yana asidi, na ulivyoliacha masaa manne ndo ukapata ulichopata. Tumia jagi la glasi, bakuli la stenlesi au ndoo safi ya plastiki ya vyakula yenye mfuniko.

Utamu sasa. Waini tamu, Sprite, sukari robo kilo, na matunda yenyewe, asee! Nunua nyekundu kavu, dukani ukisema drai wanakuelewa, Dodoma wanazo nzuri tu na huna haja ya kuhangaika na chupa ya bei mbaya kutoka nje maana matunda yatafunika hayo madoido yote. Dompo usiitumie kama waini ya kawaida, ni tamu na ina nguvu zaidi, soma lebo. Sukari onja kwanza asubuhi, mara nyingi hutaihitaji.

Vipimo vyangu: waini chupa 2 za mililita 750, juisi ya nanasi au pesheni nusu lita, Konyagi mililita 100 badala ya brandi, na soda lita moja, mi napenda Stoney kwa ile tangawizi. Inatoka kama lita tatu, glasi 15 hivi. Ukipiga hesabu waini ikiwa ya asilimia 12 na Konyagi ya 35, mchanganyiko wako una kama asilimia 7, yani umeipita bia ya kawaida wakati mdomoni ni juisi, kwahiyo waambie mapema, hasa wenye funguo za gari.

Shemeji mwambie brandi sio lazima. Jina lenyewe la sangria linatokana na neno la Kihispania la damu, kwa ile rangi, na huko Hispania kwenye joto watu wengi wanajichanganyia tu waini nyekundu na soda ya limao, wanaita tinto de verano, maisha yanaenda. Akitaka kubishana zaidi, kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2014 kinywaji kinachouzwa kwa jina la sangria peke yake lazima kiwe kimetengenezwa Hispania au Ureno, kwahiyo hata ya kwake yenye brandi pale Kimara haihesabiki.

Mama mkwe mchemshie rozela, iite choya ukipenda, na mdalasini na karafuu, ipoe, weka nanasi na ndimu. Rangi ni ileile nyekundu na hapo ndo pa kuangalia: chombo chake kiwe tofauti kabisa, upawa wake, meza yake ikiwezekana, na andika karatasi ubandike. Na yale matunda ya kwenye waini yamelewa pia, watoto wanapenda kudokoa na kwangu ilishatokea, tukamkuta mmoja na bakuli chini ya meza.

SWALI: Ikibaki je, naweza kunywa kesho? – Msomaji, Mbezi

JIBU: Ikibaki? Kwa wageni gani hao! Haya, chuja matunda utupe, weka friji, siku mbili inanyweka ila gesi usiitegemee, ongeza soda mpya kwenye glasi.