Chumba salama Dar kwa mwanamke aliye peke yake: anza na mlango, bei ifuate

Dada aliyeuliza alale wapi salama anatoka Njombe, anakuja Dar siku tatu kuchukua mzigo Kariakoo, hana ndugu wa kufikia, na bajeti yake ya kulala haizidi 40,000 kwa usiku. Wengi wamemjibu "nenda Sinza, gesti zimejaa". Ni kweli zimejaa, lakini gesti inayomfaa mwanamume mwenye gari huenda isimfae kabisa mwanamke anayeshuka kwenye basi na begi mkononi. Kwa 40,000 chumba salama Dar kinapatikana. Ujue tu unakagua nini, na ukikague kabla ya kutoa hela.

La kwanza ni saa ya kufika, na hili nalitilia mkazo kuliko bei. Basi linaloondoka Njombe alfajiri hukufikisha stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis giza likiwa limeshaingia, na kutoka hapo hadi Kariakoo ni zaidi ya kilomita 20. Umechoka, simu inakaribia kuzima, bodaboda anakwambia "kuna gesti nzuri hapa, twende". Mara nyingi bodaboda huyo ana chake anacholipwa na gesti kwa kila mgeni anayempeleka, na wewe kwa uchovu utakubali chumba cha kwanza utakachoonyeshwa. Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023 kuna njia bora: panda la jioni, fika alfajiri, kaa ndani ya stendi penye taa na watu mpaka kupambazuke, kisha ingia mjini. Saa 2 asubuhi unaweza kukagua nyumba tatu bila haraka, ukaacha begi mapokezi, chumba ukakabidhiwa baada ya saa 4, muda ambao gesti nyingi huwatoa wageni wa jana. Kama huna budi kufika usiku, basi usiku huo mmoja lala hukohuko Mbezi au Kimara, kwenye nyumba uliyoipigia simu jana yake, hata ikikuzidishia elfu 10. Kwa wanaokuja na SGR kutoka Dodoma au Morogoro, stesheni iko mjini na Kariakoo si mbali, ila treni za jioni nazo zinakuingiza usiku, kwa hiyo chumba kiwe kimeshapatikana kabla hujapanda.

Kuhusu eneo: lala karibu na shughuli yako. Hela unayookoa kwa kulala mbali utailipa kwa kurudi gizani. Kwa mzigo wa Kariakoo, tafuta hoteli ndogo za ghorofani zilizo kwenye mitaa yenyewe au upande wa Gerezani na Lumumba. Mchana kuna msongamano wa kutisha, lakini maduka yakifungwa mitaa mingine inabaki mitupu kabisa, kwa hiyo chagua nyumba iliyo hatua chache tu kutoka barabara kubwa yenye taa, siyo ya uchochoroni. Anayemuuguza mtu Muhimbili atafute Upanga au Ilala. Sinza, Manzese na sehemu za Magomeni zina vyumba vya bei nafuu kweli, lakini vingi viko juu ya baa au ubavuni mwa baa. Tatizo lake ni zaidi ya muziki: mlango wa nje haufungwi mpaka usiku wa manane, na watu usiowajua wanapita koridoni kwako wakitafuta choo.

Kabla ya gesti za kawaida, jaribu kwanza hosteli za taasisi. YWCA iko Posta, Luther House iko Sokoine Drive jirani na kanisa la Azania Front, Msimbazi Centre iko Ilala, na Baraza la Maaskofu lina malazi Kurasini. Hulazimiki kuwa Mkristo. Vyumba ni vya kawaida tu, lakini sehemu za aina hii zina geti, mlinzi na utaratibu, na ulevi hauna nafasi. Ubaya wake ni kwamba zinajaa haraka kukiwa na semina au mahafali, kwa hiyo piga wiki moja kabla. Vilevile Kariakoo zipo hoteli za Waislamu zisizouza pombe kabisa, nyingine zinadai cheti cha ndoa kwa mwanamume na mwanamke wanaotaka chumba kimoja. Kwako wewe uliye peke yako hiyo ni dalili njema sana. Mkiwa wanawake wawili mnaotaka kuchangia chumba, ulizeni kwanza, maana baadhi ya nyumba haziruhusu watu wawili wa jinsia moja chumba kimoja na mtaambiwa mlipe viwili.

Ukipiga simu, usiulize "ni salama?" kwa sababu kila mtu atasema ndiyo. Uliza vitu vinavyojibika. Kulala ni bei gani? Akikuuliza "kulala au kupumzika?", ujue vyumba vinauzwa kwa saa, watu wanaingia na kutoka usiku kucha, na funguo zimepita mikono mingi. Shukuru, kata simu. Geti linafungwa saa ngapi, na usiku nani yuko mapokezi? Mgeni wa nje anaruhusiwa kupanda chumbani? Jibu unalolitaka ni kwamba hapana, mnaonana mapokezi. Mwisho, kuna chumba selfu, yaani chenye choo na bafu ndani, ghorofa ya kwanza au ya pili? Chumba chenye choo cha nje kinaweza kukupunguzia hata elfu 10, lakini saa 8 usiku utatembea koridoni na kanga ukiwa umeacha mlango nyuma yako. Hapo usibane hela.

Akikwambia utume kishika chumba, usitume kwenye namba ya mtu binafsi. Omba Lipa Namba, ile namba ya biashara ya kulipia kwa simu, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea kama ni la hiyo hoteli. Kwenye Google Maps angalia maoni ya miezi ya karibuni na picha zilizopigwa na wageni, siyo zile za mwenye nyumba. Nyota usizitegemee sana. Soma wanawake wamesema nini kuhusu mhudumu wa usiku, kelele na milango.

Sasa ukaguzi, na hapa ndipo naomba uwe mkaidi. Mwambie mhudumu unataka kuona chumba kabla ya kulipa. Akikataa, ondoka.

Mlango ukiwa wazi, zungusha ufunguo mara mbili na utazame ulimi wa kitasa unatoka mpaka mwisho. Kisha angalia tundu la kwenye fremu ambamo ulimi unaingia. Ukiona mbao imepasuka, imebandikwa kipande kipya au imegongelewa misumari, mlango huo umeshawahi kuvunjwa na fremu haina nguvu tena, hata kitasa kikiwa kipya. Funga, sukuma kwa bega. Mlango ukicheza sana, ulimi hauingii vya kutosha. Ndani pawe na komeo, na skrubu zote ziwepo. Komeo lililoshikwa na skrubu mbili fupi linang'oka kwa teke moja. Nje je? Milango ya gesti za zamani ina pete za kufuli kwa nje, na mtu anaweza kukufungia humo ndani. Chumba hicho kikatae.

Swali linalosahaulika ni ufunguo wa pili uko kwa nani. Wizi wa gestini mara nyingi hauvunji kitu: mtu anafungua kwa ufunguo, kwa sababu mgeni wa mwezi uliopita alichongesha wake au wa akiba unaning'inia mapokezi. Ndiyo maana komeo la ndani ni muhimu kuliko kitasa. Kama kitasa ni cha ufunguo mrefu wa kizamani, ukishafunga acha ufunguo tunduni na uuzungushe robo, wa nje hautaingia. Kwa vitasa vya silinda hila hiyo si ya kutegemea, vingine vinafunguka hata ufunguo ukiwa ndani.

Beba kabari. Fundi wa kandambili za tairi atakukatia kipande cha mpira mgumu, urefu wa kiganja, upande mmoja mnene sentimita 3 na mwingine mwembamba kama kisu. Isukume kwa mguu chini ya mlango kwa ndani. Kabari ya mbao inateleza kwenye marumaru, ya mpira inang'ang'ania. Ila inafanya kazi tu kwa mlango unaofungukia ndani, kwa hiyo angalia bawaba ziko upande gani kabla ya kuitegemea.

Kisha dirisha. Nondo zinazuia mtu, hazizuii fimbo. Wezi wa dirishani wanapitisha mti mrefu wenye ndoano na kuvuta begi, suruali au simu iliyo kwenye chaji wewe ukiwa umelala. Kwa hiyo simu na begi vikae ng'ambo ya kitanda, mbali na dirisha, na soketi iliyo chini ya dirisha usiitumie usiku. Kwa joto la Dar, hasa Desemba hadi Machi, dirisha utalifunga tu kama feni inafanya kazi. Washa feni, isikilize dakika moja. Uliza pia kama LUKU ya chumba ina umeme na kama kuna jenereta. Umeme ukiisha saa 7 usiku, utafungua dirisha mwenyewe kwa joto, na wanaosubiri nje wanalijua hilo. Dirisha la kuteleza la aluminiamu lijaribu kufuli lake, kwa mengi limeshavunjika.

Tazama juu. Kwenye nyumba za chini za vyumba vilivyopangana, ukuta unaweza kuishia kwenye dari, na juu yake ni uwazi unaopita vyumba vyote. Ukiona mfuniko wa dari ndani ya chumba chako, omba kingine. Zima taa, mulika kwa tochi ya simu saa ya ukutani, matundu ya hewa na kitu chochote kinachotazama kitanda au bafu. Kioo cha kamera, hata kidogo, huakisi mwanga. Tundu la mlangoni lizibe kwa karatasi.

Na moto. Nyumba nyingi zinazosifiwa kwa ulinzi zina geti la nondo kwenye ngazi, usiku linafungwa kwa kufuli, mlinzi anaondoka na ufunguo kwenda kulala. Hapo umelindwa dhidi ya mwizi, lakini moto ukitokea umefungiwa nao humo ndani. Uliza geti la ngazi linafungwa, na ufunguo unalala wapi. Jibu zuri ni kwamba mhudumu analala palepale mapokezi. Hesabu milango kutoka kwako hadi kwenye ngazi, kwa sababu moshi ukijaa huoni kitu.

Chumba kikikuridhisha, lipia usiku mmoja tu hata kama unakaa tatu. Ukilipa zote na usiku wa kwanza ukawa mbaya, hela hairudi. Asubuhi, ukiwa umelala vizuri, ndipo unaongea bei ya siku zilizobaki, na kwa usiku mbili au zaidi kupunguziwa elfu 5 kwa kila mmoja si jambo la ajabu. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Nyumba inayotoa risiti ina namba ya mlipakodi na mwenyewe anajulikana.

Kitabu cha wageni utakijaza, ni utaratibu, na majina yawe ya kweli. Tatizo ni kwamba kinakaa wazi mezani na mgeni anayekufuata anasoma jina lako, simu yako na namba ya chumba. Andika laini ambayo huitumii kwa pesa, na mwombe mhudumu akifunge. Kitambulisho cha NIDA wanakili namba wakurudishie hapohapo. Kisilale mapokezi. Namba ya chumba isitajwe kwa sauti. Mhudumu akiitaja mbele ya wanaume waliokaa hapo, omba kubadilishiwa chumba, na usione aibu.

Mlango ukigongwa usiku, usifungue. Uliza ukiwa ndani, kisha piga simu mapokezi. Namba yao iwe imeshahifadhiwa tangu ulipoingia. Wakisema ni msako wa polisi, inawezekana ni kweli, misako ya gesti ipo. Jibu kwa heshima kwamba utafungua mhudumu akifika na vitambulisho vya kazi vikionekana. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Likitokea la kutokea, nenda kituoni ukaulize Dawati la Jinsia na Watoto, na usiondoke bila RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi.

Kwa wewe wa Kariakoo: mzigo usiurundike chumbani. Marobota koridoni yanamwambia kila mtu kwamba mwenye chumba hicho alikuja na pesa. Ukinunua, peleka moja kwa moja ofisi ya wasafirishaji wa Njombe, upewe risiti yao, urudi chumbani na mkoba mdogo. Pesa ya manunuzi iache benki au kwenye simu, utoe kwa mafungu asubuhi hukohuko sokoni. Na bodaboda wa jioni akushushe kwenye kona yenye duka, hatua chache kabla ya hoteli, usubiri ageuze kwanza ndipo uingie.